Injini Iliyonyamazishwa

Kila asubuhi, adhana ya alfajiri ikishakwisha, Mwamvua binti Mwinyijuma alisali, akachota maji bombani, kisha akashika ufagio. Ua wa nyumba yao pale Usagara, mjini Tanga, haukuwa rahisi kufagia. Nusu yake ilikuwa ya mama, yenye jiko, mitungi na kamba ya nguo. Nusu ya pili ilikuwa gereji ya baba. Ufagio ulipita katikati ya magurudumu, matangi yenye kutu na madebe ya oili chafu, na ole wake atakayefagia skrubu ikapotelea mchangani.

Baba yake, Fundi Mwinyijuma, alitengeneza pikipiki. Miaka ile ya hamsini pikipiki hazikuwa nyingi mjini. Walikuwa nazo mabwana shamba, wasimamizi wa mashamba ya katani, mapadri na askari wachache, na nyingi kati ya hizo zilipita mikononi mwake. Mwamvua, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa darasa la tano. Akishamaliza kufagia alimpelekea baba chai, na hapo ndipo baba alipomwita asikilize injini.

"Njoo hapa. Shika bisibisi hii, ncha yake iguse injini, mpini uweke sikioni. Unasikia nini?"

Siku hiyo walikuwa mbele ya pikipiki nyeusi ambayo baba aliinunua kwa mzungu mmoja wa katani aliyekuwa akirudi kwao. Alitaka kuitengeneza kisha aiuze. Mwamvua alisikiliza. Chini kabisa, ndani ya ngurumo ya injini, palikuwa na kitu kinagonga. Ko, ko, ko, ko.

"Kama mtu anabisha hodi, baba."

"Basi hodi hiyo si ya mgeni mwema," baba akasema, akaizima. Akachukua konrodi kuukuu mezani, mkono wa chuma wenye tundu juu na tundu chini. "Mkono huu ndio unaoisukuma na kuivuta pistoni. Huku chini umeshika krenki, ule mhimili unaozunguka. Na hapa katikati ya mkono na krenki pana beringi, vijiti vidogo vya chuma vinavyobingirika ndani ya oili. Oili ikiwa chache au chafu, vinalika. Vikilika, mkono unacheza, ndio maana unausikia ukigonga."

"Na ukiachwa ugonge?"

"Siku moja beringi inasagika, krenki inakwama. Injini ikikwama, na gurudumu la nyuma linakwama papo hapo. Kama mtu yuko mbioni, anarushwa." Akairudisha konrodi mezani. "Nimeagiza beringi mpya Mombasa. Mpaka ifike, pikipiki hii haitoki uani. Kombo, umesikia?"

"Nimesikia, baba," akajibu Kombo, kaka yake Mwamvua, bila kuinua kichwa. Kombo alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, fundi mwenye mikono myepesi. Harusi yake ilikuwa imekaribia, na tangu posa ilipokubaliwa alikuwa na haraka katika kila jambo.

Juma lile baba akashikwa na homa. Kwanza alisema ni uchovu tu, kisha akaanza kutetemeka juani, mwishowe akalala ndani, shuka mbili juu yake, na mama akimkanda kwa kitambaa cha maji. Gereji ikabaki mikononi mwa Kombo. Beringi ya Mombasa haikufika.

Alasiri moja Mwamvua alirudi kutoka chuoni, msahafu kifuani, akamkuta kaka yake amechuchumaa kando ya pikipiki nyeusi. Alikuwa amekwisha kuimwaga oili yote. Jikoni kwa mama palikuwa na kopo linachemka, na ndani yake Kombo alikuwa amekoroga grisi pamoja na oili nzito, ile inayotiwa kwenye giaboksi za malori. Uji ule mweusi ulimiminika polepole kama asali, ukaingia kwenye tangi la oili. Kombo akapiga kiki. Injini ikaguna, ikawaka.

Mwamvua alitega sikio. Ile sauti ya kugonga haikuwepo. Injini ilinguruma kwa sauti laini, nzito, kama haikupata kuumwa.

"Kaka, umetia beringi mpya?"

"Sijatia. Lakini unasikia kitu?"

"Sisikii. Lakini baba alisema..."

"Baba yu mgonjwa, na dawa zake zinatoka wapi?" Kombo akasimama, akifuta mikono kwa tambara. "Sikiliza, Mwamvua. Oili nzito inaushikilia ule mkono usicheze. Itakwenda hivyo hivyo mpaka beringi ije, kisha nitamwita atakayeinunua, nimtilie bure. Nani atadhurika? Wewe nyamaza tu. Mambo ya gereji si ya watoto wa kike."

Alisema kwa upole, akamshika bega. Mwamvua alimpenda sana kaka yake. Ndiye aliyemfundisha kusoma saa na kupanda baiskeli. Akaingia ndani, akaketi karibu na kitanda cha baba. Baba alikuwa amefumba macho, midomo imempasuka. Mwamvua akajiambia kwamba hafai kumsumbua mgonjwa.

Mnunuzi alikuja siku ya pili. Alikuwa Bwana Zebedayo, Mbondei wa Muheza, mwenye kazi ya udresa. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka vijiji vya upande wa Tongoni na mkoba wa dawa, akifunga vidonda, akidunga sindano, na akiitwa pia wanawake wanapozidiwa na uchungu. Miaka yote alikwenda kwa baiskeli, na mara nyingi alifika amechoka kuliko mgonjwa. Mwamvua alimfahamu vizuri, kwa maana binti yake, Lea, alikaa naye dawati moja.

"Shikamoo, baba," Mwamvua akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mzee anaendeleaje? Mwambie nitamletea kwinini nyingine."

Kombo aliisifia pikipiki, akaiwasha, akaizungusha uani. Bwana Zebedayo alikuwa mtu mwangalifu. Aliinama, akatazama mnyororo, akabonyeza breki. Kisha, Kombo alipoingia ndani kutafuta karatasi za pikipiki, akamgeukia Mwamvua.

"Mimi najua miili ya watu, mashine sizijui. Fundi mwenyewe amelala, siwezi kumwamsha. Wewe unashinda hapa. Niambie kweli, pikipiki hii nzima?"

Mwamvua alimtazama viatu. Vilikuwa vimepauka kwa vumbi la njia ya Tongoni. Alifumbua kinywa aseme. Alimwona Kombo mlangoni, amesimama, anamtazama.

"Nzima, baba," akasema.

Bwana Zebedayo akatabasamu, akampapasa kichwa. Alilipa, akapanda, akaondoka, na watoto wa mtaa wakamkimbilia nyuma wakishangilia.

Kwa muda kidogo ilionekana kama Kombo alisema kweli. Asubuhi Mwamvua aliisikia pikipiki ikipita barabarani, na kila iliposikika alisimama na ufagio wake mpaka sauti ipotee. Shuleni Lea alisimulia kwa furaha jinsi baba yake sasa anavyorudi nyumbani jua lingali juu. "Jana alinifunza kuandika barua," akasema. Mwamvua akajifanya anatafuta kalamu.

Habari ilifika siku ya gulio, kabla ya adhuhuri. Aliileta dereva wa lori la katani, naye aliisimulia gerejini akiwa amesimama, kofia mkononi. Bwana Zebedayo aliitwa Tongoni, kwa mke wa mvuvi mmoja aitwaye Haji. Mwanamke huyo, Mwanamkasi, alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mkunga ameshindwa. Dresa aliondoka kwa mwendo wa kasi. Kwenye mteremko baada ya mashamba ya katani, watu waliokuwa wakikata mkonge walisikia mlio kama wa chuma kinachovunjwa kwa nyundo, kisha kimya. Walipofika walimkuta ameangukia mawe ya kando ya barabara, mguu wake umekunjika mahali pasipokunjika. Pikipiki ililala mbali kidogo, gurudumu la nyuma limekaza kama limepigiliwa misumari.

"Tumemfikisha hospitali," dereva akasema. "Alikuwa akitwambia, 'Niacheni mimi, pelekeni mkoba Tongoni.' Nani kati yetu angeujua mkoba ule? Mwanamke amepona kwa rehema ya Mungu. Mtoto hakupona."

Mwamvua alikuwa ameshika birika. Hakuliangusha. Aliliweka chini taratibu, akaenda kujificha nyuma ya choo.

Hospitalini waliukata mguu wa Bwana Zebedayo chini ya goti. Na kabla kidonda hakijakauka, maneno yakaanza. Mtu mmoja alisema kuwa dresa alikuwa amelewa. Wa pili akasema alimwona kwenye kilabu cha tembo asubuhi ile ile. Wa tatu akakumbuka kuwa siku zote alikuwa mtu wa ulevi, ila alificha. Kule Tongoni, Haji, aliyemzika mwanawe kwa mikono yake, aliyaamini maneno hayo, akaapa kuwa atayafikisha mbele ya wakubwa. Mkubwa wa Bwana Zebedayo kazini, Bwana Tadeo, akatangaza kwamba kutakuwa na uchunguzi, na kama ni ulevi, dresa atafukuzwa kazi.

Na Kombo, alipoulizwa barazani, alisema, "Mimi nilimpa chombo kizima. Mtu akikimbiza chombo akiwa na tembo kichwani, fundi afanyeje?"

Shuleni wasichana walianza kumwimbia Lea, "Dresa mlevi, dresa mlevi." Lea hakulia. Aliketi mwisho wa dawati, ameikalia mikono yake, akitazama ubao mtupu. Mwamvua aliketi karibu naye na hakuweza kumgusa. Nyumbani alikataa chakula. Mama alidhani naye ameambukizwa homa, akampa kwinini, naye akaimeza na uchungu wake wote bila maji.

Kisha lori likaileta pikipiki gerejini. Bwana Tadeo alikuwa ameagiza ihifadhiwe pale mpaka Fundi Mwinyijuma apate nafuu aifungue mwenyewe, kwa kuwa watu walimwamini. Ilishushwa na kuegemezwa ukutani, usukani umepinda, tangi limebonyea.

Mwamvua alikuwa akianika nguo aliposikia spana. Akachungulia. Kombo alikuwa amepiga magoti kando ya pikipiki, ameweka sufuria chini ya injini, na kando yake kopo la oili safi, nyepesi. Alikuwa akifungua skrubu ya kumwagia.

"Kaka, unafanya nini?"

Kombo akashtuka. Uso wake ulikuwa umekonda siku zile. "Rudi kwenye kazi yako."

"Unaimwaga. Unaimwaga ili baba asiione."

"Mwamvua." Akautazama mlango wa ndani. "Mguu hautarudi. Mtoto hatarudi. Unataka na mimi nipotee? Nikifungwa, mama atakula nini? Baba atakufa kwa aibu. Wewe mwenyewe ulimwambia nzima. Umesahau? Wewe mwenyewe."

Hakuwa amesahau. Alikuwa akilisikia neno lile kila saa. Alisimama na shuka mbichi mikononi, maji yakimchuruzikia miguuni, na kwa mara ya kwanza akaona wazi kwamba oili ile ikishamwagwa, hapatakuwa tena na kitu cha kumtetea Bwana Zebedayo duniani. Shuka ikaanguka mchangani. Mwamvua akakimbilia ndani.

"Baba! Baba, amka! Kaka anaimwaga oili. Haikuwa na beringi. Alitia grisi ili isigonge, na mimi nilijua. Bwana Dresa aliniuliza, nikamwambia nzima. Baba, nilimwambia nzima!"

Fundi Mwinyijuma alifumbua macho. Alimtazama binti yake kwa muda, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akaweka miguu chini. Mama alimzuia, naye akauondoa mkono wake. Alitoka uani amejitanda shuka, akishika ukuta, jasho likimtiririka.

"Weka spana chini, Kombo."

Kombo hakuweka. Mkono wake ulikuwa juu ya skrubu.

"Sikwambii kama baba. Nakwambia kama fundi wa gereji hii. Weka chini."

Spana ikagonga mawe. Kombo akaketi mchangani, akafunika uso.

Baba hakumpiga wala hakumtukana. Alimtuma jirani awaite Bwana Tadeo na Haji wa Tongoni. Alasiri wakafika, na watu wa mtaa wakajaa mlangoni. Haji alikuwa mtu mrefu, mkimya, kanzu yake imechakaa mabegani. Hakukubali kiti.

Fundi Mwinyijuma aliketi kwenye kigoda, mama akimshika mgongo, akaifungua injini mbele ya macho yao. Kwanza alifungua skrubu ya chini. Oili haikumwagika, ilining'inia, nzito, nyeusi, na ndani yake palimetameta vumbi la chuma. Akafungua bomba la kupelekea oili; lilikuwa limezibwa na donge la grisi. Kisha akaitoa silinda. Konrodi ilikuwa imekatika. Chini, penye krenki, beringi ilikuwa imegeuka vipande vya rangi ya buluu, kama chuma kilichotolewa motoni, vingine vimesagika kama mchanga.

"Bwana Tadeo," akasema, akihema, "mtu huyu hakulewa. Hata angekuwa malaika juu ya pikipiki hii, angeanguka. Beringi ilikuwa imekwisha kabla haijauzwa. Oili hii ilitiwa kuficha kelele, nayo kwa uzito wake ikashindwa kufika penye beringi. Waliotenda ni watu wa nyumba yangu. Gereji ni yangu, na lawama ni yangu."

Watu wakanong'ona. Baba akamtazama Mwamvua, na Mwamvua akajua kuwa zamu yake imefika. Alisogea mbele.

"Bwana Zebedayo aliniuliza mimi," akasema. "Nilijua ni mbovu. Nikamwambia nzima."

Haji aliinama. Akaokota kipande kimoja cha beringi, akakiweka katika kiganja chake kipana, akakigeuza.

"Hiki ndicho?" akauliza.

"Ndicho," baba akajibu.

"Kidogo hivi." Akakitazama tena. "Nami nimemlaani yule dresa kila sala." Akakirudisha mezani kwa uangalifu, akatoka bila kuaga, na watu wakampisha njia.

Uchunguzi ukaisha haraka. Jina la Bwana Zebedayo likasafishwa, na Bwana Tadeo akampa nafasi ya kugawa dawa katika zahanati ya mjini, mahali asipohitaji kutembea sana. Kombo alifikishwa barazani kwa hakimu, akakiri mwenyewe, akafungwa. Harusi ikavunjika. Baba alipopona aliirudisha thamani yote ya pikipiki, akauza mashine yake ya kutobolea vyuma ili atimize. Siku nyingi hapakuwa na mteja aliyefungua mlango wa ua ule, na mama alikaanga mandazi ya kuuza ili jiko liwake.

Siku moja baba akamwambia Mwamvua avae vizuri. Wakaenda hospitali. Bwana Zebedayo alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha, na Lea yuko chini, akimkunjia bendeji. Lea alipomwona Mwamvua aliinamisha uso, akaendelea kukunja.

"Shikamoo, baba," Mwamvua akasema, na machozi yakamzuia maneno mengine.

"Marahaba." Bwana Zebedayo alimwacha alie. Kisha akasema, "Njoo karibu. Nimeambiwa ulivyosema mbele ya watu. Nilikuwa nimelala hapa nikijua kuwa binti yangu anaitwa mtoto wa mlevi, nami sina la kujitetea. Umeniondolea hilo. Ahsante."

"Lakini mguu, baba. Na yule mtoto."

"Ndiyo. Mguu na yule mtoto. Sitakudanganya niseme si kitu, kwa maana ni kitu kikubwa, na wewe una akili ya kukijua. Siku ile nilikuuliza kwa sababu nilikuamini, na neno moja lingetosha. Ungesema 'mbovu', kaka yako angekasirika, pengine angekupiga kofi, basi. Umelisema baadaye, na baadaye bei yake imekuwa hii." Akagusa goti lake. "Kweli iliyochelewa imeniponya jina, lakini haikuweza kuniponya mwili. Kwa hiyo usichelewe tena, mwanangu. Hata anayekuzuia akiwa ni mtu umpendaye. Huyo ndiye hasa wa kuambiwa mapema. Ungemwambia baba yako siku ile ile, leo Kombo angekuwa nyumbani."

Fundi Mwinyijuma alikuwa amegeukia ukuta.

"Haya," Bwana Zebedayo akasema, "daktari ameniamuru nijaribu kusimama. Lea, nipe mikongojo. Mwamvua, simama upande huu."

Aliteremka kitandani, akayumba, mkongojo mmoja ukateleza sakafuni. Mwamvua akamdaka. Mkono mzito wa yule mtu ukamwangukia begani, na uzito wa mwili wote ukaja juu yake. Magoti yalimpinda, lakini hakurudi nyuma. Upande wa pili, Lea alikuwa ameweka bega lake. Wasichana wawili hawakutazamana. Wakamngoja avute pumzi, kisha, polepole, wakaanza kumsogeza kuelekea mlangoni.